Kusimamisha Fremu ya Nyumba ya Mbao: Mwongozo kwa Mwanagenzi wa Useremala

Mwanafunzi anayeingia karakana kwa mara ya kwanza, iwe ni katika chuo cha ufundi cha kaunti, katika Kisumu National Polytechnic au huko Sigalagala karibu na Kakamega, hutamani kushika msumeno siku hiyo hiyo. Hamu hiyo ni njema na haifai kuzimwa, ila inahitaji kuelekezwa, kwa kuwa katika miaka niliyosimamisha fremu na kufunza vijana nimeona kwamba makosa mengi huwa yameshafanyika kabla jino la msumeno halijagusa ubao. Hufanyika kwenye penseli. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye upimaji na uwekaji wa alama, na nitapita haraka kwenye mambo ambayo mkono hujifunza wenyewe kwa kurudia.

Nitaeleza kazi nzima kwa jengo moja dogo: chumba cha futi 16 kwa 12, chenye kuta za futi 8 na paa la mabati lenye vipaa viwili, kama yale majiko ya nje na ghala zinazojengwa katika maboma mengi kuanzia Molo hadi Bungoma. Vipimo hivi nimevichagua kwa makusudi, kwa kuwa hesabu zake hutoka kamili na mwanafunzi anaweza kuzihakiki kwa kalamu tu. Chuoni utafundishwa kwa milimita, lakini duka la mbao litakuuzia kwa futi na kukuulizia "nne kwa mbili" au "tatu kwa mbili", maana yake upana na unene kwa inchi. Zoea lugha zote mbili. Inchi 1 ni milimita 25.4 na futi 1 ni milimita 304.8.

Vifaa, na namna ya kuvihakiki

Anza na vifaa vichache vya mkono: tepu ya mita 5, skwea kubwa ya chuma yenye mikono miwili ya kupimia pembe mraba, pimamaji, timazi (uzito unaoning'inizwa kuonyesha wima) na kamba yake, msumeno wa mkono, nyundo yenye makucha ya kung'olea misumari, patasi ya inchi 1, randa, tupa ya pembe tatu ya kunolea msumeno, na penseli. Mashine zitakuja baadaye, na atakayezitumia vizuri ni yule aliyekwisha kujua kwa mkono kile zinachofanya.

Usiamini kifaa chochote kwa sababu tu ni kipya. Ili kuijua skwea, chukua ubao wenye ukingo ulionyooka, egemeza mkono mmoja wa skwea kwenye ukingo huo na uchore mstari kukatiza ubao. Kisha igeuze skwea upande wa pili, iegemeze kwenye ukingo ule ule, na uchore mstari mwingine kuanzia pale pale ulipoanzia wa kwanza. Mistari hiyo miwili ikilaliana, skwea ni ya haki. Ikiachana kadiri inavyokwenda, kosa la skwea ni nusu ya mwanya unaouona. Pimamaji nayo huhakikiwa hivyo hivyo: iweke mezani, tazama povu lilipokaa, kisha igeuze kichwa kiwe mkia, mahali pale pale. Povu likikaa pengine, kifaa kinadanganya.

Tepu inahitaji neno lake. Ile kulabu ya mwisho hucheza kidogo, na wanafunzi wengi huidhani imelegea wakaigonga kwa nyundo ili ikaze. Imetengenezwa icheze kwa kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukiinasa kwenye ukingo wa ubao au ukiisukuma dhidi ya ukuta. Iache.

Kuchagua mbao

Katika nyanda za juu za Nakuru mbao nyingi za fremu ni za saiprasi na paini, na miji kama Elburgon na Molo imeishi na viwanda vya kupasua mbao kwa miaka mingi. Magharibi utakutana zaidi na mkaratusi na grevilia. Saiprasi ndiyo ninayoipendelea kwa mwanagenzi, kwa kuwa haina uzito mkubwa, hupokea msumari bila ukaidi, na sehemu yake ya ndani iliyokomaa hustahimili wadudu kuliko paini isiyotiwa dawa. Mkaratusi ni mgumu na wenye nguvu, lakini unapokauka hujipinda na kupasuka, hivyo unafaa zaidi ukiwa nguzo nzima kuliko ukiwa ubao mwembamba. Serikali ya Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu yake mnamo Februari 2018, wauzaji wengi waligeukia miti ya mashambani, na tangu hapo nimejizoeza kutazama umri wa mti kabla ya kuuliza bei. Ubao uliotoka katika mti mchanga huwa na ule moyo laini wa katikati kabisa ya shina ndani yake, na pete zake za ukuaji huwa pana. Ubao kama huo utajipinda.

Simama kwenye kichwa cha ubao na uutazame kwa jicho moja kwa urefu wake wote, kama mtu anayelenga. Utaona kama umepinda kwenye upana, kwenye unene, au umejisokota. Uliopinda kidogo kwenye upana unaweza kutumika kama kombamoyo, yaani ubao wa mteremko wa paa, mgongo ukiwa juu. Uliojisokota usiununue hata ukipunguziwa bei. Kataa pia ubao wenye fundo kubwa ukingoni, na wenye vitundu vidogo vinavyomwaga unga mwembamba, kwa kuwa wadudu bado wamo.

Mbao zinazouzwa kando ya barabara kwa kawaida ni mbichi. Zipange juu ya matofali, mahali penye kivuli na upepo, ukitenganisha kila safu kwa vijiti vya unene wa inchi 1 vilivyopangwa wima kimoja juu ya kingine, futi 2 baina yao. Kujua kama zimekauka, chagua ubao mmoja mzima, upime kwenye mizani ya duka, andika uzito wake, na uupime tena kila wiki. Siku uzito utakapoacha kushuka, mbao zako zimetulia. Kama huwezi kusubiri, jenga nazo, lakini ufahamu kwamba zitasinyaa zikiwa ukutani.

Zoezi la msumeno na msumari

Kabla ya kugusa mbao za jengo, chukua kipande cha nne kwa mbili na ukikate vipande ishirini vya inchi 3. Chora mstari pande zote nne kwa skwea. Msumeno una unene, nao hula kama milimita 2 au 3 za ubao, kwa hiyo meno yapite upande wa kipande kinachotupwa na mstari ubaki unaonekana kwenye kipande unachokihitaji. Anza kwa kuvuta msumeno kuelekea kwako taratibu mara mbili au tatu, ukiuongoza kwa gumba, kisha usukume kwa urefu wake wote bila kuulazimisha. Kipande cha ishirini kisimame mezani bila kuyumba. Kikiyumba, kata vingine.

Kwa msumari, kanuni ya kufuata ni kwamba urefu wake uwe angalau mara mbili ya unene wa ubao unaoupigilia, na zaidi kidogo panapowezekana. Ndiyo maana kwa mbao za inchi 2 tunatumia misumari ya inchi 4. Ukiwa karibu na mwisho wa ubao, geuza msumari, weka kichwa chake juu ya kitu kigumu na uigonge ncha mara moja ili iwe butu. Ncha kali hupenya kama kabari na kuupasua ubao, ilhali ncha butu huzivunja nyuzi zilizo mbele yake na kupita. Usipange misumari miwili kwenye mstari mmoja wa nyuzi.

Kupanga pembe za jengo

Chumba chetu kina futi 16 kwa 12, na pembe zake zikiwa mraba, mshazari kutoka pembe hadi pembe lazima uwe futi 20 kamili. Piga vigingi, funga kamba, kisha upime mishazari yote miwili. Mmoja ukizidi mwenzake, sogeza vigingi viwili vya upande mmoja pamoja, bila kubadilisha urefu wa pande, mpaka yote isome futi 20. Usiridhike na mshazari mmoja.

Fremu ikalie ukuta mfupi wa mawe au matofali, angalau inchi 6 juu ya ardhi, na kati ya ukuta huo na mbao utandaze karatasi ya nailoni ya kuzuia unyevu. Wapo mafundi wanaopaka nguzo oili chafu ya gari na kuzifukia ardhini. Oili hiyo haiingii mbali ndani ya mbao, na mchwa hupita. Kuinua mbao kutoka ardhini, na kuweza kukiona kichuguu kikianza kupanda ukutani, ni kinga bora kuliko rangi yoyote nyeusi. Ukiweza kununua mbao zilizotiwa dawa kiwandani, zitumie kwa ubao wa chini, lakini vipande vyake visiingie jikoni kuwa kuni, kwa kuwa dawa hizo mara nyingi huwa na sumu inayotoka na moshi na kubaki katika majivu.

Kuta

Ukuta wa fremu una ubao wa chini, ubao wa juu na nguzo zinazosimama katikati yao. Tutatumia tatu kwa mbili. Kata ubao wa chini na wa juu kwa urefu mmoja, futi 16, uzilaze sambamba sakafuni, vichwa vikiwa sawa, na uweke alama za nguzo kwenye mbao zote mbili kwa wakati mmoja ukitumia skwea. Hapa ndipo ukuta hunyooka au kupotoka. Ukiweka alama za ubao mmoja leo na za mwenzake kesho, nguzo zako hazitasimama wima hata ukiwa na pimamaji ya dhahabu.

Nguzo huwekwa futi 2 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya nyingine, kwa sababu plaiwudi na bodi nyingine huuzwa zikiwa futi 8 kwa 4, na ukingo wake unapaswa kuangukia katikati ya nguzo. Nasa tepu kwenye kichwa cha ubao na uiache hapo hapo mpaka umalize ukuta wote. Kwa kuwa nguzo ina unene wa inchi 2, nusu yake ni inchi 1, basi chora mstari kwenye inchi 23, 47, 71, 95 na kuendelea, ukiongeza 24 kila mara, na uweke alama ya X upande wa mbele wa kila mstari kuonyesha nguzo itakapokaa. Usihamishe tepu kutoka alama hadi alama. Kosa la milimita 2 likirudiwa mara nane huwa karibu sentimita 2, na plaiwudi yako itakosa mahali pa kupigiliwa. Ukuta wa futi 16 utapata nguzo 9, zikiwemo mbili za mwisho.

Urefu wa nguzo hautakuwa futi 8. Ukuta mzima ni inchi 96. Toa inchi 2 za ubao wa chini na 2 za ubao wa juu, unabaki na 92. Lakini pima mbao zako mwenyewe kwanza, kwa maana ile "mbili" ya mashine ya kupasua inaweza kuwa inchi 1 na robo tatu. Kuta fupi nazo huingia kati ya zile ndefu, hivyo ubao wake si futi 12 bali futi 11 na inchi 6, kwa sababu kila ukuta mrefu umekula inchi 3.

Unganisha ukuta ukiwa umelala, misumari miwili ya inchi 4 kila mwisho wa nguzo. Penye mlango, weka linta, yaani boriti ya juu ya mlango, ya mbao mbili za nne kwa mbili zilizosimamishwa kwa upana wake, na kila mwisho wa linta uketi juu ya nguzo fupi inayofika chini, wala usining'inie kwa misumari peke yake. Pima mishazari ya ukuta kabla ya kuuinua, kisha uuinue mkiwa watu wasiopungua wanne na uushikilie kwa mbao za muda. Kuujua wima wake, tumia timazi. Upepo ukiiyumbisha, itumbukize ndani ya ndoo ya maji nayo itatulia.

Mbao za mshazari zisisahauliwe. Ili uelewe kazi yake, pigilia fito nne kuwa mstatili, msumari mmoja kila pembe, kisha sukuma pembe ya juu. Mstatili utalala mara moja. Pigilia ufito wa tano kutoka pembe hadi pembe na usukume tena. Hautasogea, kwa sababu pembetatu haiwezi kubadili umbo bila upande wake mmoja kuvunjika au kung'oka. Kila ukuta wa jengo lako unahitaji angalau mshazari mmoja, na mapambo ya nje hayawezi kufanya kazi yake.

Paa

Nusu ya upana wa jengo ni futi 6. Tukiinua paa inchi 5 kwa kila inchi 12 za mlalo, mgongo wa paa utakuwa futi 2 na nusu juu ya kuta, na kombamoyo, yaani ule ubao wa mteremko, itakuwa na urefu wa futi 6 na inchi 6. Hesabu hii hutokana na pembetatu ya 5, 12 na 13. Uzuri wake ni kwamba huhitaji kuikokotoa: chukua ubao wa nne kwa mbili wa futi 8, weka skwea juu ya ukingo wake, inchi 12 ya mkono mrefu na inchi 5 ya mkono mfupi zote zikigusa ukingo, na uchore. Sogeza skwea mpaka 12 ikae pale 5 ilipokuwa, uchore tena. Hatua sita, kila moja inchi 13, zitakufikisha kwenye uso wa nje wa ukuta. Hatua ya saba ni upenu wa futi 1. Mistari ya mkono mfupi ndiyo ya wima, na ya mkono mrefu ndiyo ya mlalo.

Mwanzoni mwa ubao, ambapo kombamoyo hukutana na ubao wa mgongo, punguza nusu ya unene wa ubao huo, ukipima kwa mlalo. Kwenye hatua ya sita kata pengo la kukalia ukuta, lenye mlalo wa inchi 3. Litaingia ndani ya kombamoyo kwa inchi 1 na kidogo, nalo lisizidi theluthi moja ya upana wa ubao, la sivyo kombamoyo itavunjikia hapo.

Sasa jambo ninalomsisitizia kila mwanafunzi. Kata kombamoyo mbili tu, zipandishe, uone kama zinakaa. Zikikaa, andika neno KIELELEZO juu ya mojawapo kwa herufi kubwa, na kila nyingine uichore kwa hiyo hiyo. Paa langu la kwanza, lililokuwa la ghala upande wa Molo, nililikata kwa kuchora kila kombamoyo kwa ile iliyotangulia. Kila moja iliongezeka kwa unene wa mstari wa penseli, na nilipofika mwisho mgongo wa paa ulikuwa umepanda upande mmoja kwa namna iliyoonekana ukiwa barabarani. Nilizishusha zote. Mwenye ghala alinivumilia, lakini siku mbili za kazi zilipotea.

Kwa mabati mepesi, jozi 5 za kombamoyo zilizopangwa futi 4 baina yao zinatosha, kila jozi ikiwa juu ya nguzo ya ukuta. Kombamoyo husukuma kuta nje, kwa hiyo kila jozi ifungwe chini kwa boriti ya futi 12 inayoshika pande zote mbili. Upepo nao huvuta paa juu. Mtu yeyote aliyeziona dhoruba za alasiri za Kisumu anajua kwamba uzito wa mabati si kinga, hivyo funga kila kombamoyo kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma au kwa waya mnene uliozungushwa na kusokotwa, na ukuta wenyewe ufungwe kwenye msingi. Juu ya kombamoyo pigilia mbao za kubeba mabati, futi 3 hivi baina yao, kisha mabati, misumari yake yenye raba ikipita kwenye mgongo wa mkunjo na si kwenye bonde maji yanapopita.

Ngazi isimame ikiwa imetoka ukutani futi 1 kwa kila futi 4 za kwenda juu. Usipande asubuhi mabati yakiwa na umande, na usivae glavu wala mikono mirefu iliyolegea karibu na msumeno wa mashine, kwa maana kitambaa kikinaswa huuvuta mkono.

Ukikamilisha jengo moja kama hili, andika vipimo vyake vyote katika daftari, pamoja na makosa. Daftari hilo litakufaa utakapokwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA (mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani), wenye madaraja matatu kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza, ambao hata aliyejifunza kwa fundi mtaani bila kupitia chuo anaruhusiwa kuufanya. Na baada ya miezi mitatu au minne rudi kwenye jengo ukiwa na nyundo na misumari. Mbao zitakuwa zimesinyaa na misumari mingine itakuwa imechomoza vichwa. Anza na mishazari ya kuta, kisha panda kwenye mafungo ya kombamoyo, kaza kila kilicholegea, na upime tena mishazari miwili ya futi 20 kabla mvua za masika hazijaanza.